Aliyekabidhiwa Amana Si Mwenye Mali

Msimamizi wa mali ya yatima akiajiri karani wa kuihesabu, je, ana haki ya kumfukuza siku hesabu zinapofika kwenye ghala lake mwenyewe? Ni yeye aliyemwajiri karani, lakini mali si yake. Ndivyo ilivyo katika dola. Waziri ni msaidizi wa Rais, asipoaminiwa tena aondoke. Mkaguzi wa hesabu za Serikali ni karani wa yatima: kazi yake ni kumweleza aliyemteua yale asiyopenda kuyasikia. Ndiyo maana Ibara ya 144 ya Katiba ya Tanzania inamwacha kazini hadi atimize miaka 60, au umri mwingine utakaowekwa na sheria. Kabla ya hapo haondolewi ila kwa kushindwa kazi, kwa maradhi au sababu nyingine, au kwa utovu wa maadili, tena baada ya tume yenye majaji kuchunguza. Hata hivyo, Novemba 2019, miezi saba baada ya Bunge kuazimia kutofanya kazi naye, mkaguzi wa wakati huo, Profesa Mussa Assad, aliondoka bila tume yoyote, kwa kifungu cha sheria kilichoweka muhula wa miaka mitano. Katiba ilitaja umri, sheria ikataja muhula, na katika upenyo huo ulinzi ukavuja. Desemba 2022 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba.

Wapo wanaopinga kwa hoja nzito: Rais amechaguliwa, mkaguzi hakuchaguliwa, na asiyeondoleka anaweza kujigeuza mfalme. Nchini Marekani hoja hiyo ina nguvu. Ni kweli kwamba mwaka 1935 Mahakama ya Juu ya huko iliamua kwamba Rais Roosevelt alikosea kumwondoa William Humphrey katika Tume ya Biashara kwa sababu tu ya kutofautiana mitazamo. Lakini kuanzia 2020 mahakama hiyohiyo iliubana uamuzi huo. Hata hivyo, kura humpa Rais uwakala, haimpi umiliki, na wakala hana mamlaka kuzidi aliyopewa na mwenye mali. Wala kinga hii haimfanyi mtu asiondoleke. Inadai kosa litajwe, ushahidi utolewe, na mtuhumiwa asikilizwe mbele ya watu wasio na maslahi. Mteuzi mwenye sababu ya haki hapotezi chochote kwa kuieleza. Anayepoteza ni yule ambaye sababu yake ni ghala.