Je, Dhamiri Yaweza Kujikagua?

Soma 2 Samweli 12:1–13. 1 Wakorintho 4:3, 4. 2 Wakorintho 13:5.

Gesi asilia iligunduliwa katika kisiwa cha Songo Songo, Wilaya ya Kilwa, mwaka 1974, na ikaanza kuzalisha umeme mwaka 2004. Hupita katika bomba chini ya bahari hadi Somanga, kisha nchi kavu mpaka Dar es Salaam. Sehemu yake kubwa ni methani, ambayo haina rangi wala harufu. Gesi hiyo ikivuja, mtu aliye karibu anaweza asijue, kwa maana pua yake haitamwambia lolote. Kwa sababu hiyo, mahali gesi inaposafishwa huwekwa vifaa vya kutambua gesi, na pamoja navyo vifaa vya kutambua moshi na moto.

Lakini mlinzi naye alindwe na nani? Kengele ikiwa kimya, je, ni kwa kuwa hakuna hatari, au ni kwa kuwa imeharibika? Anayesikiliza kwa nje hawezi kutofautisha.

Mafundi wamelijibu swali hilo kwa kutengeneza vifaa vinavyojikagua. Katika aina moja ya kengele ya moshi mna chumba kidogo chenye giza, taa ndogo, na jicho la kielektroniki lililowekwa pembeni ili mwanga wa taa usilifikie moja kwa moja. Moshi ukiingia, hutawanya mwanga hadi kwenye jicho, na kengele hulia. Hata pasipo moshi, mwanga hafifu sana hulifikia jicho hilo baada ya kugonga kuta. Kifaa kinachojikagua hupima mwanga huo hafifu. Ukitoweka, kinajua taa imekufa. Ukiongezeka polepole kwa muda wa miezi, kinajua kuwa vumbi linajikusanya. Hujirekebisha kulingana na vumbi hilo, lakini kwa kiwango kilichowekwa tu. Kiwango kikipita, hutoa ishara ya hitilafu, iliyo tofauti na ishara ya moto. Maana yake ni kwamba kisitegemewe mpaka kisafishwe.

Dhamiri nayo huzoea vumbi. Mwenye duka aliyepunja mzani mara ya kwanza hukosa usingizi. Mara ya ishirini hulala fofofo. Paulo anazungumzia dhamiri iliyochomwa moto hata haisikii tena (1 Timotheo 4:2). Basi kujihoji ni wajibu wetu, na mtume huyo anawaagiza Wakorintho wajipime wenyewe. Tunafanya hivyo kila tunapojiandaa kwa Meza ya Bwana.

Hata hivyo, kujikagua kuna mpaka. Tuseme mpaka rangi amekifunika kifaa kwa mfuko wa plastiki, akasahau kuuondoa. Taa inawaka, jicho linaona, umeme upo. Kifaa kinajikagua na kujikuta kizima, ilhali moshi hauwezi kukifikia. Hakisemi uongo. Kimekagua kila kilichomo ndani yake, na tatizo liko nje. Ndiyo maana mafundi hawaachi kukijaribu kwa moshi wa majaribio, au kwa gesi ya kiwango kinachojulikana, hata kama kinajikagua chenyewe.

Tazama jinsi Nathani alivyomwendea Daudi. Hakuanza kwa shtaka. Alianza kwa habari ya maskini aliyenyang'anywa mwana-kondoo wake mmoja. Hasira ya mfalme ikawaka mara moja. Hisia yake ya haki ilikuwa hai kabisa! Ilikuwa imefunikwa upande mmoja tu, upande uliomwelekea yeye mwenyewe. Angeweza kujihoji usiku kucha na kujikuta mwamuzi mwema. Alihitaji mtu wa kutoka nje auondoe mfuko ule.

Kwa hiyo Paulo hajipingi anapotuagiza tujipime na bado anasema kwamba, ingawa dhamiri yake haimshtaki, hilo halimhesabii haki. Anayemhukumu ni Bwana. Kujihoji hugundua makosa mengi, wala tusiuache. Lakini matokeo yake, "sijaona kosa," si sawa na kusema, "kosa halipo."

Liko jambo jingine, nalo linaligusa kanisa lote. Kifaa kikitoa ishara ya hitilafu usiku wa manane, wako watu wanaochomoa betri ili walale. Sauti inakoma, hitilafu inabaki. Je, nasi hatufanyi hivyo? Mhazini anasimama mwenyewe, kabla hajaulizwa na yeyote, na kusema kwamba hesabu za zaka hazilingani na hajui ni kwa nini. Tukimwaibisha, washiriki wote watakuwa wamejifunza kunyamaza. Robo ijayo taarifa itasomwa ikiwa safi, nasi tutaitikia "Amina" juu ya kengele iliyokufa. Hesabu zikaguliwe, na kilichopotea kitafutwe. Upendo hauondoi ukaguzi. Lakini anayetangaza hitilafu yake bado ana dhamiri inayofanya kazi, naye atendewe hivyo. Katika huduma ya kutawadhana miguu, hakuna anayejiosha mwenyewe. Mmoja anaitoa miguu yake, mwingine anainama.

Mwandishi wa Zaburi ya 139 alimaliza kwa kumwomba Mungu amchunguze na kuujua moyo wake. Aliomba ukaguzi alioweza kuuogopa. Sisi tunaoamini kwamba hukumu inaendelea katika patakatifu pa mbinguni tunaweza kuomba vivyo hivyo, kwa kuwa anayetuchunguza ndiye Kuhani Mkuu anayetuombea.

Maswali ya Kujadili

1. Kuna tofauti gani kati ya amani ya moyo uliosamehewa na utulivu wa dhamiri iliyozoea dhambi? Mtu atazitambuaje?

2. Nani katika maisha yako ana ruhusa ya kukuambia aliyoambiwa Daudi? Kama hayupo, ni kwa nini?

3. Darasa lenu lifanye nini ili mshiriki aweze kutaja kosa lake mapema, bila kanisa kulifumbia macho kosa hilo?