Hodi Pasipo na Bawabu

Je, wajibu wa mtu kwa mwenziwe huzaliwa na jicho la anayewasimamia wote wawili, au huwapo hata pale ambapo msimamizi hayupo? Swali hili ni kongwe. Mwanafalsafa wa Kiingereza Thomas Hobbes, katika kitabu chake Leviathan kilichotoka mwaka 1651, alishikilia kwamba watu wasipokuwa na mamlaka moja ya kuwatisha wote, huishi katika hali ya vita, kila mmoja dhidi ya kila mmoja. Wahenga nao walionya kuwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini hawakueleza iweje pale ambapo mkuu mwenyewe hayupo. Pahala pamoja panapofaa kulipimia swali hili ni uwanja wa ndege usio na mnara wa kuongozea.

Msomaji aliyezoea viwanja vikubwa huenda akadhani kwamba kila ndege itakayotua imekwisha kupewa ruhusa na mtu aliyeketi juu mnarani. Sivyo. Nchini Marekani viko viwanja vipatavyo 5,000 vilivyo wazi kwa umma, na vyenye mnara ni kama 500 tu. Katika hivyo vilivyobaki, marubani huongozana wenyewe. Kila anayekaribia hufungua redio kwenye masafa ya uwanja ule na kujitangaza: hutaja jina la uwanja, aina ya ndege yake, mahali alipo na analokusudia kulifanya. Kisha hulitaja jina la uwanja mara ya pili, kwa kuwa viwanja kadhaa huweza kutumia masafa hayo hayo, na msikilizaji asije akamdhania wa mbali kuwa ni wa karibu. Huuzunguka uwanja kwa kupinda kushoto, isipokuwa palipoamriwa vingine, ili kila mmoja ajue pa kumtazamia mwenziwe. Zaidi ya hayo yote, kila rubani huwajibika kutazama kwa macho yake na kukwepa.

Mengi katika utaratibu huo si mageni kwa watu wa bahari. Taa nyekundu ya bawa la kushoto na ya kijani ya bawa la kulia zimerithiwa kutoka katika vyombo vya majini; na viwili vikikabiliana omo kwa omo, angani kama baharini, kila kimoja hupinda kulia. Huko kujitangaza nako mkaazi wa pwani hukujua kwa jina lake la nyumbani: ni hodi. Afikaye mlangoni hupaza sauti kabla ya kuingia, akajulisha kwamba yupo na ni nani. Ada inataka hodi ipigwe mara tatu, na asiyeitikiwa arudi alikotoka. Uzito wa ada hiyo umo katika sehemu yake ya mwisho, yaani kimya cha aliye ndani hakihesabiwi kuwa ni karibu.

Hata hivyo, katika vingi vya viwanja hivyo sheria ya Marekani haimlazimishi rubani kusema chochote. Hata ndege isiyo na redio kabisa yaweza kuruka na kutua. Kupiga hodi kunashauriwa, hakuamrishwi. Hapo ndipo suala la sheria linapokwisha na suala la utu linapoanza: lile ambalo sheria imeliachia hiari, je, mtu yuko huru nalo kweli?

Jibu la swali hilo liliandikwa kwa moto jioni ya tarehe 19 Novemba 1996, katika uwanja wa Quincy, jimbo la Illinois. Ndege ya abiria aina ya Beechcraft 1900, yenye watu 12, ilikuwa ikija kutua. Kwenye njia nyingine, inayokatana na ile, palikuwa na ndege mbili zilizotaka kuruka: mbele King Air yenye watu wawili, na nyuma yake Cherokee ndogo. Marubani wa ndege ya abiria walijitangaza zaidi ya mara moja. Walipokaribia waliuliza waziwazi iwapo ndege iliyoko kwenye njia ile itangoja au itaruka. King Air haikujibu. Aliyejibu ni rubani wa Cherokee, aliyetaja nambari yake na kusema kwamba anangoja. Sehemu ya maneno yake ilimezwa na mlio wa chombo cha tahadhari ndani ya ndege ya abiria, na jina la King Air nalo likasikika humo. Waliouliza wakaamini kwamba wamejibiwa na waliyemuuliza, wakashukuru, wakatua. Hakuna aliyesema redioni kwamba shukrani ile imeelekea pasipo. King Air ikaanza mbio, na zikagongana kwenye makutano ya njia. Abiria hawakuuawa na mgongano. Mlango haukufunguka, waliokimbilia kuwaokoa hawakuweza kuufungua, na hapo uwanjani hapakuwa na kikosi cha zimamoto. Wote 14 wa ndege mbili hizo walifariki.

Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani ilipochunguza, iliuweka uzito wa kwanza juu ya waliokuwa katika King Air, kwamba hawakuyasikiliza masafa ipasavyo wala hawakutazama vya kutosha kabla ya kuondoka. Jibu lililokatika la Cherokee lilihesabiwa kuwa ni sababu iliyochangia. Hukumu ya wachunguzi yatosha kwa kazi yao. Kwa mwenye kufikiri juu ya maadili, bado wapo watu watatu wa kuwatafakari: aliyenyamaza, aliyejibu lisilokuwa lake, na aliyeamini.

Aliyeamini ndiye wa kuhurumiwa kabla ya kulaumiwa. Haki ilikuwa yake, kwa sababu ndege iliyo katika mkondo wa mwisho wa kutua hutangulia zilizo chini. Aliuliza ingawa haki alikuwa nayo, na hiyo ni adabu. Pungufu lake lilikuwa dogo sana, la kupokea karibu bila ya kuhakikisha imetoka nyumba gani. Aliyejibu naye hakuwa na hila, na yumkini alitaka kusaidia. Kumbe msaada nao una masharti yake. Anayeitikia hodi iliyopigwa kwa jirani humfungulia mgeni mlango asioumiliki. Na asikiapo shukrani isiyo yake, basi neno moja la kusahihisha huwa ni deni juu yake, hata kama hakuna wa kumdai.

Anabaki aliyenyamaza. Mtu aweza kumtetea kwa kusema kwamba kimya si uongo na kwamba sheria haikumwamuru kusema. Utetezi huo una nguvu pale tu ambapo mtu yuko peke yake. Mahali wanapotegemeana wengi, kimya hakikai kitupu. Kila msikilizaji hukijaza maana kwa tamaa yake au kwa hofu yake. Ndiyo maana anayenyamaza mahali pa kusema humwachia mwenziwe kazi ya kubahatisha, tena kwa roho yake. Hiari aliyopewa na sheria haikuwa ruhusa ya kutojali. Ilikuwa ni amana: sheria ilimwamini kwamba atafanya bila ya kusukumwa.

Wako watakaosema dawa ni kujenga mnara kila uwanja, kwani manahodha wengi, chombo huenda mrama. Mnara una faida isiyokanika, ila haumwondolei mtu mzigo huu. Tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa Los Rodeos, kisiwani Tenerife, ndege mbili kubwa aina ya Boeing 747 ziligongana katika ukungu na watu 583 wakafariki. Mnara ulikuwapo na msimamizi alikuwamo ndani yake. Lakini sauti mbili zilipanda redioni kwa wakati mmoja, zikafunikana, na neno ambalo lingeizuia ndege iliyokuwa ikianza kuruka halikufika kwa ukamilifu. Maradhi yalikuwa yale yale ya Quincy, yaani kudhani kwamba limeshaeleweka lile ambalo halijaeleweka.

Wala kusema peke yake hakutoshi. Tarehe 18 Agosti 2022, huko Watsonville, California, katika uwanja usio na mnara, ndege mbili ndogo zilijitangaza zote. Moja ilikuwa ikizunguka uwanja kwa utaratibu wa kawaida. Nyingine ilikuja moja kwa moja kutoka mbali kwa kasi kubwa. Ziligongana zikikaribia kutua, na watu watatu wakafariki. Hodi ilipigwa, lakini hodi inayopigwa huku miguu imeshavuka kizingiti haimpi mwenye nyumba nafasi ya kuitika.

Katika sheria za anga za Marekani kimo kifungu ambacho mshairi yeyote angefurahi kukitafakari. Kinasema kwamba ndege mbili zikikaribia kutua, iliyo chini zaidi ndiyo yenye haki ya kutangulia; kisha kinaongeza kwamba isiitumie haki hiyo kumkatia njia aliyekwisha kuwa katika mkondo wa mwisho, wala kumpita. Sheria imetoa haki na papo hapo ikakataza kuitumia vibaya. Imekiri kwamba haki, ikishikwa na asiyemtazama mwenziwe, huwa ni chombo cha kudhuru.

Hobbes, basi, hakushinda kesi hii, wala hakushindwa kabisa. Kila siku maelfu ya marubani hutua salama pasipo na wa kuwatisha, na hiyo ni hoja kubwa dhidi yake. Lakini usalama huo hauna mlinzi mwingine ila wao wenyewe: huyu aseme alipo, yule asikilize mpaka mwisho, na ambaye hakujibiwa asijipe jibu. Hayo kila mzee wa pwani aliyemfunza mtoto kupiga hodi alikwisha kuyafunza, ingawa ndege hakuwahi kupanda.