Je, Lawama ni ya Bahari?

Mtu apatwapo na hasara ya dhoruba, mara nyingi neno la kwanza kinywani mwake ni hili: "Ni kazi ya Mungu." Neno hilo laweza kuwa la unyenyekevu; laweza pia kuwa mahali pa kujificha. Leo twapenda kulipima kwa mambo ya wafugaji wa samaki baharini.

Huko Marekani, katika jimbo la Washington, karibu na kisiwa cha Cypress, palikuwa na vizimba vya nyavu vyenye samoni zaidi ya 300,000. Tarehe 19 na 20 Agosti 2017 vizimba hivyo vilivunjika, na samaki wapatao 250,000 wakatoroka. Walikuwa samaki wa Atlantiki, wageni katika maji yale, nao wavuvi wenyeji wa taifa la Lummi wakahofia samaki wao wa asili. Wenye shamba walitaja bamvua kubwa, wakasema ni kwa sababu jua lilikuwa karibu kupatwa. Kweli, jua lilipatwa tarehe 21. Lakini Januari 2018 wachunguzi wa serikali ya jimbo walitoa taarifa nyingine. Nyavu zilikuwa zimelemewa na kome na viumbe vingine vya bahari, yapata tani 110, kwa kuwa hazikusafishwa ipasavyo. Wavu safi hupitisha maji. Wavu ulioziba husukumwa na mkondo kama tanga lisukumwavyo na upepo, na nguvu hiyo yote huzielemea kamba na nanga. Tena mwezi wa Julai kamba za vizimba vile vile zilikuwa zimekwisha kukatika. Onyo lilikuwapo. Sisi tuliozoea kuungama makosa ya kutotimiza wajibu hatuna haja ya kufafanuliwa zaidi. (Mwezi, maskini, haukuwa na wakili.)

Ziko dhoruba za namna nyingine. Januari 2020 dhoruba iliyoitwa Gloria ilipiga pwani ya mashariki ya Hispania. Boya la vipimo mbele ya Valencia lilipima mawimbi ya zaidi ya mita 8, makubwa kuliko yote yaliyopata kupimwa hapo, na mashamba ya samaki yakaharibika. Je, tumhukumu aliyefunga vizimba vyake kwa kipimo kilichojulikana siku zile? Hatuthubutu. Lakini ajengaye upya leo mahali pale pale, kwa kamba za unene ule ule, hana tena udhuru huo.

Norway tangu mwaka 2004 ina sheria kwamba mawimbi na mikondo ya mahali ipimwe, na kizimba kilingane nayo. Wengine huvizamisha vizimba dhoruba ikaribiapo, kwa maana msukosuko wa wimbi hupungua kadiri mtu ashukavyo chini. Hayo yote yataka fedha, na hapo ndipo swali linapokuwa gumu kwetu. Katika Ziwa Viktoria vikundi vya vijana na jamaa wengi sasa wafuga sato vizimbani, tena wengine kwa mkopo. Ziwa si bahari, lakini pepo zake wavuvi wazijua. Twauliza basi: katika hesabu za mikopo hiyo, fedha ya nanga, ya kamba na ya kusafisha nyavu imeandikwa katika mstari gani?