Deni Halifutwi na Kazi Nzuri

Hivi kazi nzuri inaweza kumsafisha aliyeifanya? Hapa Mwembesongo tumebishana sana juu ya Otto Warburg, Mjerumani ambaye baba yake alikuwa wa ukoo wa Kiyahudi.

Miaka ya 1920 Warburg alionyesha kwamba seli za saratani huchachua sukari hata pale oksijeni ipo, karibu kama hamira kwenye unga wa maandazi. Mwaka 1931 akapata Tuzo ya Nobel. Leo mashine za PET huisaka saratani kwa kufuata ulafi huohuo wa sukari.

Mwaka 1933 Wanazi walimfukuza kazi Hans Krebs, Myahudi aliyewahi kuwa msaidizi wake. Krebs akakimbilia Uingereza, na mwaka 1937 akaueleza mzunguko ambao wanafunzi wa SUA wanaukariri mpaka leo. Warburg alibaki Berlin na maabara yake, chini ya utawala uleule.

Wenzangu wanasema: angeondoka, utafiti ungekufa. Sikubali. Wa Krebs ulivuka bahari ukaishi. Ila Krebs hakuchagua, alisukumwa. Basi tusimpambe kwa ushujaa wa kuondoka.

Warburg ndiye aliyechagua. Mgonjwa anayepona hana kosa kumshukuru, lakini shukrani hiyo haijibu swali la kubaki kwake. Mangi wa dukani hafuti deni la unga eti kwa sababu ulimsaidia kubeba magunia. Anashukuru, halafu anafungua daftari.