Kuumia kwa sababu ya paka: ni nani mwenye kosa?

Kuna maswali ambayo watu wanayacheka kwanza, na baadaye yanawanyima usingizi. Swali letu la leo ni la namna hiyo. Mtu akivunjika mguu akimtafuta paka aliyetoroka, je, ameumia bure? Na kama kuna mwenye kosa, ni nani: paka, mwenye paka, au yeye mwenyewe aliyeumia? Hapa kwetu Kamina, ukiuliza hivyo chini ya mwembe, jibu la kwanza ni kicheko. Jibu la pili, lile linalosemwa kwa sauti ndogo usiku, halichekeshi hata kidogo. Tunataka kuyachunguza yote mawili, maana tuliyasikia sisi wenyewe tukiwa tumelala, mguu umefungwa vibao.

1. Mambo yalivyokuwa

Jirani yetu alikuwa mama mzee, mjane, ambaye nyumba yetu nzima ilimwita nkambo. Watoto wake walikwenda zamani kutafuta maisha Lubumbashi na Kolwezi. Alibaki na mjukuu mmoja wa kike, pamoja na paka. Paka huyo hakuwa wa kuchezea tu. Kila mtu anayeweka mahindi na karanga ndani ya nyumba anajua kazi ya panya: wanatoboa mfuko kwa chini, nawe unauona umesimama vizuri, kumbe ndani mumebaki maganda. Paka alipoletwa akiwa mdogo, nkambo alimfunga kamba kwenye mguu wa meza, kama tunavyofanya wengi, ili azoee nyumba. Baadaye akamfungua, na paka akakaa.

Siku moja ya mwezi wa Novemba mvua kubwa ilinyesha na radi ikapiga karibu. Paka alishtuka, akaruka kwa dirisha, akapotea. Saa moja ya usiku yule mjukuu alikuja kupiga hodi: "Baba mwalimu, nkambo anasema mutusaidie, paka yetu imekimbia." Hatukukataa. Wako watu ambao wakimpata paka wa mwingine wanamtia ndani ya sufuria, na jambo hilo si siri. Tulichukua tochi ambayo betri zake zilikuwa zimechoka, tukazunguka nyuma ya nyumba tukiita. Tukasikia sauti yake upande wa migomba. Hatua tatu tena, na udongo haukuwapo chini ya mguu.

Tulianguka ndani ya shimo la kutolea udongo wa matofali. Kina chake kilipita kiuno, na mvua ilikuwa imelijaza nusu. Mfupa wa mguu wa kushoto ulivunjika juu kidogo ya kifundo. Vijana walitutoa, wakatukalisha juu ya kinga, wakaisukuma ndani ya matope mpaka kituo cha afya. Tulikaa nyumbani majuma manane. Pesa tuliyoitayarisha kwa masomo ya watoto ilikwenda yote kwa dawa, na mmoja wao alirudishwa nyumbani mbele ya mitihani.

Na paka? Alirudi mwenyewe kesho yake asubuhi, akalala karibu na mbabula ya nkambo kama kwamba hakuna kitu kilichotokea.

2. Kicheko: "Juu ya paka tu?"

Waliokuja kutuona waliketi, wakapewa maji ya kunywa, wakatazama vibao, halafu wakauliza: "Mwalimu, muguu muzima juu ya paka tu?" Wengine waliongeza kwamba kama ingekuwa mbuzi wangeelewa, kwa sababu mbuzi analipa deni na anaingia ndani ya mahari. Tulicheka pamoja nao. Lakini ndani ya kicheko hicho kuna fikra: kwamba viumbe vimepangwa kwa ngazi, na mtu mwenye akili hatoi cha juu kwa ajili ya cha chini.

Fikra hiyo imeandikwa pia vitabuni. Padri Placide Tempels, Mfransisko wa Ubelgiji, alifika Kongo mwaka 1933 na kuishi miaka mingi kati ya Baluba wa Katanga. Kitabu chake juu ya falsafa ya Wabantu kilitoka mwaka 1945 kule Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Yeye alipanga ngazi hivi: juu Mungu, halafu wahenga, halafu watu walio hai, kila mmoja kwa cheo chake, chini yao wanyama, mimea na mawe. Vilivyo chini, alisema, vimewekwa ili kuongeza nguvu ya uzima wa mtu. Wenye elimu wa Afrika walimkosoa baadaye kwa mambo mengi, kama Fabien Eboussi Boulaga mwaka 1968. Hata hivyo, wageni wetu walikuwa wanasema kama Tempels bila kumsoma: paka ni kwa ajili ya mtu, si mtu kwa ajili ya paka.

Sawa. Lakini masimulizi yetu wenyewe hayamcheki mtu anayemfuata mnyama aliyepotea. Sisi wote tunamjua Mbidi Kiluwe, yule mwindaji aliyetoka upande wa mashariki, akafika kwa Nkongolo, akamzaa Kalala Ilunga, na kwa huyo bulopwe ukaanza. Hadithi yake inasimuliwa kwa namna nyingi. Kati ya namna hizo iko moja inayosema kwamba Mbidi hakutoka kwao kutafuta utawala. Alitoka kumtafuta simba wa kufugwa, mali ya dada yake, aliyekuwa ametoroka. Simba naye ni nini, kama si ndugu mkubwa wa paka? Hakuna mzee tuliyemsikia akisema: "Mbidi alikuwa mjinga, safari yote ile juu ya nyama ya dada yake tu." Na Injili inamsifu mchungaji anayewaacha kondoo tisini na tisa ili kumtafuta mmoja. Haituambii kama njiani alijikwaa akatoka damu.

Kwa maoni yetu, kicheko kinakosea katika kupima. Kinaweka mguu upande mmoja wa mizani na paka upande mwingine. Lakini ile saa moja ya usiku hakuna aliyetuuliza: "Je, unakubali kutoa mguu ili upate paka?" Tuliulizwa kama tunakubali kulowa kidogo kwa ajili ya mama mzee ambaye mahindi yake yatakwisha kwa panya. Mtu anapima kwa kile anachokijua wakati wa kutoka nyumbani. Kumpima kwa kile kilichokuja nyuma ni kumfundisha asitoke tena. Na mtaa ambao kila mtu amejifunza kutotoka, huo si mtaa tena, ni nyumba zilizopakana.

Basi jibu la kwanza limekwisha. Tungeweza kuweka kalamu hapa, tukaonekana watu wema. Bahati mbaya kuna jibu la pili.

3. Minong'ono: "Ile paka haiko ya bure"

Siku ya tatu au ya nne maneno yalibadilika. Watu waliingia bila kucheka. Mmoja wa jamaa yetu alifunga mlango, akasema: "Ile paka haiko ya bure. Njo ilimuvuta ku shimo. Na mwenyewe, munajua ni nani alimutuma?"

Tuangalie lugha kidogo. Vitabu vya sarufi vinatufundisha kusema "paka huyu amekimbia", sawasawa na "mtoto huyu amekimbia". Lakini mtaani tunasema mara nyingi "ile paka ilikimbia", sawa vile tunasema "ile nyumba ilianguka". Kwa hiyo kinywani mwetu paka ni kitu tu siku zote. Siku ya msiba, ghafla, kitu hicho kinapewa akili, kinapewa nia, kinakuwa mjumbe wa mtu. Mnyama asiyestahili hata hatua mbili ndani ya mvua sasa ana uwezo wa kumvuta mtu mzima ndani ya shimo! Yule aliyecheka siku ya kwanza ndiye aliyenong'ona siku ya nne, na hakuona kwamba maneno yake yanapigana.

Hapa Tempels aliona sawa. Aliandika kwamba kwa watu wetu kidonda, ugonjwa, uchovu, hata kushindwa, vyote ni kupunguka kwa nguvu ya uzima, na kinachopunguka kimepunguzwa na mwingine. Kidonda kinatafuta mwenye kosa. Nacho kikitafuta, hakiendi kwa mwenye nguvu. Kinakwenda kwa mjane, kwa mzee ambaye watoto wake wako mbali, kwa mtoto yatima. Hatuhitaji kusoma vitabu ili kujua habari hizo, tumeziona.

Ndani ya juma moja watoto wa mtaa waliacha kumchotea nkambo maji. Kikundi cha maombi kilitaka kuja kuombea kiwanja chake. Mjomba wa yule mjukuu alikuja kumchukua, akisema msichana ana kikohozi. Nkambo mwenyewe alikuja kutuona akileta sahani ya karanga zilizokaangwa, akaketi karibu na mlango, hakuingia ndani zaidi. Alipotoka, karanga hazikuliwa. Zilitupwa kwa kuku.

Na sisi tulikuwa wapi? Tulikuwa hapo hapo, juu ya kitanda, tunasikia yote. Tulinyamaza siku tisa. Hatukusema kwamba ni kweli, lakini hatukusema kwamba ni uongo. Sasa lazima tuwaambie sababu.

4. Shimo lilikuwa la nani

Shimo lilikuwa letu. Tulilichimba sisi wenyewe wakati wa kiangazi, mwezi wa Julai, ili kupata udongo wa matofali ya kujenga chumba kimoja zaidi. Matofali yalichomwa, chumba hakikujengwa kwa sababu ya pesa, na shimo likabaki. Mke wetu alisema mara mbili: "Mufunike hili shimo, mvua inakuja." Tulijibu: kesho. Majani yakaota pembeni, nasi tukasahau. Kama paka alikuwa na nia yoyote usiku ule, ilikuwa nia ya kukaa pakavu.

Sheria ya shimo ni ya zamani. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 21, imeandikwa kwamba mtu akichimba shimo asilifunike, na ng'ombe au punda akatumbukia humo, mwenye shimo atalipa. Haiulizi kama alikuwa na chuki, wala kama ng'ombe alitumwa. Inauliza jambo moja tu: nani aliliacha wazi?

Na sisi Baluba tunalo shimo letu katika masimulizi. Nkongolo, alipomwogopa Kalala Ilunga, alichimba shimo, akalitia vitu vikali, akalifunika kwa mkeka, halafu akamwita kijana aje kucheza ngoma juu yake. Kalala aliokoka kwa sababu mpiga ngoma alimwonya kwa mdundo wa ngoma yake, naye akauchoma mkeka kwa mkuki, akaona. Tulipokuwa wadogo tulipenda sana kusikia habari ya kijana shujaa. Tukiwa tumelala na mguu wetu, tulimfikiri zaidi mpiga ngoma. Hakuwa na mkuki. Alikuwa na jambo analolijua na mahali pa kulisema, akalisema mbele ya mfalme mkali. Sisi hatukuchimba kwa ubaya kama Nkongolo. Lakini tulijua shimo ni la nani, tulimwona mama mzee akisukumwa kuelekea shimo lingine, na ngoma yetu ilikaa kimya. Juu ya nini? Juu ya aibu. Mwalimu anayefundisha watoto wa watu uangalifu ameanguka ndani ya uzembe wake mwenyewe! Heshima yetu ndogo tuliifanya mkeka wa kulifunika shimo.

Siku ya kumi tuliita jamaa, jirani na wale wa maombi. Tuliomba tubebwe mpaka nyuma ya nyumba, tukasema: "Hili shimo ni langu. Nililichimba mwezi wa saba, niliambiwa nilifunike, sikufunika. Nkambo hana neno, paka hana neno." Kulikuwa na kimya. Halafu mzee mmoja akasema taratibu: "Mchimba kisima huingia mwenyewe," na watu wakaanza kucheka tena, kile kicheko cha kwanza. Hatujawahi kusikia kicheko kizuri namna ile.

5. Kumaliza

Tusijidanganye kwamba neno la kweli linarudisha yote. Maji alichotewa tena. Lakini mjukuu hakurudi kulala kwa nkambo, maana walisema afadhali aendelee na masomo kule kule. Na paka, kabla hatujaweza kusimama, alipotea mara ya pili. Inasemekana alipigwa mawe. Safari hiyo hakuna aliyekwenda kumtafuta, hata sisi hatukuweza.

Basi, ni nani mwenye kosa? Tunajibu hivi. Kutoka usiku kumsaidia jirani si kosa, hata kama kilichopotea ni paka. Kuumia si kosa, na si kila kidonda kimetumwa. Kuacha shimo wazi ni kosa, nalo linalipwa: sisi tulililipa kwa mguu na kwa pesa ya shule. Lakini kosa kubwa kuliko yote katika habari hii halikuvunja mfupa wowote. Ni zile siku tisa. Hizo hatujajua bado zinalipwa na nini.

Shimo tulilijaza majivu, vipande vya matofali na taka za jikoni, tukapanda mgomba juu yake. Mkungu wake wa kwanza tulimpelekea nkambo. Aliupokea kwa mikono miwili, akashukuru, akauweka ndani. Hatukuthubutu kumwuliza kama aliula.