Mtu wa Tatu Kwenye Barabara ya Moyale

Imepokewa kwamba mtu mmoja alimsifu mwenziwe mbele ya Sayyidina Umar, khalifa wa pili, naye akaulizwa: umewahi kuwa jirani yake? Mmewahi kufanya biashara ya fedha? Mmewahi kusafiri pamoja? Alipokana yote matatu, Umar alimwambia hamjui mtu huyo. Hoja hiyo imekubalika sana kwetu. Marafiki wawili wakipanga kutoka Isiolo hadi Marsabit, kisha kukata jangwa la Chalbi mpaka Loiyangalani, ufuoni mwa Ziwa Turkana, hawakosi wa kuwaambia kwamba huko ndiko watakakojuana. Joto, vumbi, tairi lililopasuka na maji ya kugawana vitamdhihirisha kila mmoja alivyo. Sipingi, ila naona kipimo hicho tumekitumia nusu. Tunauliza wawili hao wanatendeanaje, tunasahau kuuliza wanamtendeaje, wakiwa wawili, mtu wa tatu aliyesimama kando ya njia na mtungi mtupu. Nadhani urafiki usiopimwa hapo bado haujapimwa.

Kosa huanzia kwenye imani kwamba kaskazini ni mahali pasipo mtu, nyika iliyoachwa wazi ili marafiki wapate faragha na ukimya. Wagabra, Warendille, Waborana, Wasamburu na Waturkana wana visima vyenye zamu na malisho yenye misimu. Kwa Waborana, zamu ya kunywesha mifugo kisimani ina msimamizi wake anayejulikana kwa cheo. Hata huo upweke anaousifu mgeni haukuletwa na ukame peke yake. Serikali ya kikoloni iliifunga wilaya ya mpaka wa kaskazini, watu wakaingia na kutoka kwa vibali. Baada ya uhuru, Waraka wa serikali Na. 10 wa 1965 ulielekeza fedha za maendeleo kule zilikotarajiwa kuzaa haraka, na nyika haikuwamo. Baadaye, ekari 150,000 karibu na ziwa zilitolewa kwa mradi wa umeme wa upepo wenye mitambo 365, na mwaka 2021 mahakama iliyoketi Meru ikaamua kwamba hati za ardhi hiyo hazikupatikana kwa utaratibu wa sheria. Ardhi hugawiwa kirahisi namna hiyo pale anayegawa anapodhani haina mwenyewe. Kwa hiyo mtu wa tatu hajatokea kwa bahati katika safari ya marafiki wawili. Yeye ndiye mwenyeji. Wao ndio waliotokea.

Dini zimeliona jambo hili mapema. Aya ya 36 ya Surat An-Nisaa, inapotaja wanaostahili kutendewa wema, inamweka rafiki wa ubavuni, ambaye baadhi ya wafasiri wamesema ni mwenza wa safarini, kisha mara moja inamtaja msafiri wa njiani. Wamewekwa bega kwa bega, na sioni namna ya kumtimizia wa kwanza huku ukimpita wa pili. Hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim ni kali zaidi: miongoni mwa watu ambao Mungu hatasema nao Siku ya Kiyama ni yule mwenye maji ya ziada nyikani anayemnyima msafiri. Kwa upande wa Wakristo, mfano wa Msamaria mwema umewekwa kwenye barabara ya kushuka Yeriko. Kuhani anapita, kisha Mlawi anapita, kila mmoja peke yake. Injili ya Luka haituambii wangefanyaje kama wangekuwa pamoja.

Saikolojia imejaribu kulijibu swali hilo. Mwaka 1969 Bibb Latané na Judith Rodin walichapisha jaribio ambamo wanaume walisikia mwanamke akianguka na kulia kwa maumivu chumba cha pili. Waliokuwa peke yao, asilimia 70 walitoa msaada. Wageni wawili walipowekwa pamoja, ni asilimia 40 tu ya jozi ambamo hata mmoja alijitokeza. Jozi za marafiki zilipanda tena hadi asilimia 70. Mtu ataharakisha kusema urafiki umeshinda, lakini tupige hesabu: kama kila rafiki angeamua kana kwamba yuko peke yake, zaidi ya jozi 9 kati ya 10 zingeinuka. Urafiki uliondoa haya ya ugeni, na bado ukaacha kila mmoja akimtazama mwenzake usoni kabla ya kutenda. Ndani ya gari ndivyo ilivyo. Dereva anangoja abiria aseme simama, abiria anangoja dereva apunguze mwendo.

Atakuja mtu aseme kwamba ukarimu wa nyikani ni bima tu: leo nakupa maji, kesho utanivuta kwenye matope. Aristotle aliujua urafiki wa namna hiyo, akauita wa manufaa, akauweka chini. Lakini katika kitabu kilekile cha nane cha Maadili ya Nikomako anasema kwamba safarini ndiko mtu anakoona jinsi binadamu alivyo ndugu wa binadamu. Bima huhitaji kuonana tena. Mtalii anayekwenda kupiga picha ziwani harudi, na mfugaji aliyemwelekeza njia analijua hilo.

Pingamizi la usalama ni zito zaidi, na anayelitoa hasemi upuuzi. Kwa miaka mingi magari yalipita barabara hii ya Isiolo hadi Moyale kwa misafara yenye ulinzi wa polisi, na Julai 2005 pale Turbi waliuawa wanakijiji, wakiwamo watoto wa shule. Hata hivyo hatari hiyo huwaangukia kwanza wakazi wenyewe, na wajibu hauna sura moja ya kusimama na kufungua mlango. Mtungi unaweza kuachwa hatua kadhaa mbele, habari ikafikishwa kituoni Laisamis. Kinachonitia shaka zaidi ni lami. Tangu ifike Moyale, zile kilomita karibu 500 kutoka Isiolo, zilizochukua siku mbili tatu juu ya lori, humalizwa kwa siku moja, na kwa mwendo huo marafiki wanaotazamana wamekwisha kumpita mtu kabla hawajakubaliana. Basi mashauri hayo mahali pake ni Isiolo, mitungi inapojazwa, kwa sababu ile hadithi inazungumzia maji ya ziada, na aliyepakia ya kumtosha yeye na rafiki yake tu ameshajiandalia udhuru kabla ya kuondoka.