Tuwapime kwa Siku Waliyoondoka

Aprili 13 si sikukuu Tanzania. Ndiyo tarehe aliyozaliwa Julius Kambarage Nyerere, mwaka 1922, kule Butiama, na kila mwaka hapakosi kongamano au mhadhara wa kumkumbuka. Lakini ofisi hufunguliwa, watoto huenda shule na abiria hubanana kwenye daladala kama kawaida. Siku ya mapumziko ni Oktoba 14, siku aliyofariki mwaka 1999. Na Mzee Abeid Amani Karume naye tunamkumbuka Aprili 7, siku aliyouawa mwaka 1972. Waasisi wetu wawili tunawaadhimisha kwa siku walizotutoka. Wamarekani wao huwapumzikia George Washington na Martin Luther King Jr. kwa kuzaliwa kwao.

Naona kalenda yetu imepatia. Kuzaliwa si kazi ya anayezaliwa. Kama kuna wa kupewa hongera siku ile, ni mama na mkunga. Hata hivyo tuna mazoea ya kuitafutia siku ya kuzaliwa maana kubwa. Magazeti yana safu za nyota, pwani kuna wataalamu wa falaki, na mtu akipanda cheo haraka husemwa kwamba nyota yake imeng'aa. Basi tuijaribu hiyo nyota ya Aprili 13. Vitabu vya historia vimewaweka chini ya tarehe hiyo watu wanne walioshika dola: Catherine de' Medici, aliyekuwa malkia wa Ufaransa, Lord North, Waziri Mkuu wa Uingereza, Thomas Jefferson, Rais wa tatu wa Marekani, na Mwalimu wetu.

Tarehe yenyewe ina kichekesho chake. Jefferson alizaliwa Virginia mwaka 1743, wakati Uingereza na makoloni yake bado yakitumia kalenda ya kale. Mwaka 1752 Waingereza walihamia kalenda tunayoitumia leo, wakaruka siku 11: watu walilala Septemba 2, wakaamka Septemba 14. Ndipo Aprili 2 ya Jefferson ikageuka kuwa Aprili 13. Kwenye jiwe la kaburi lake wameandika ile ya kale. Yaani hata kuzaliwa siku moja na Nyerere kunategemea nani ameshika kalenda. Nyota gani hiyo inayohamishwa na sheria ya Bunge?

Kwa hiyo nimeiacha siku waliyoingia duniani, nikatazama siku waliyotoka madarakani, na hasa nini kiliwazuia kutoka. Hapo ndipo wanne hawa wanapoachana.

Catherine alizaliwa Florence, Italia, mwaka 1519. Kabla hajatimiza mwezi mmoja alikuwa hana mama wala baba. Akiwa na miaka 14 aliozwa kwa mwana wa mfalme wa Ufaransa, na mwaka 1559 mumewe, ambaye sasa ndiye mfalme Henri II, alijeruhiwa kwa mkuki katika mchezo wa farasi akafa. Wanawe watatu walikikalia kiti kile kwa zamu, na mama hakuwahi kuwa mbali nacho. Wa pili, Charles IX, alirithi akiwa na miaka 10, mama akatawala kwa niaba yake. Hakuwa mkatili tangu mwanzo. Mwaka 1562 aliunga mkono amri ya kuwaruhusu Waprotestanti kuabudu, ili nchi isichinjane. Lakini mwaka 1572, siku chache baada ya harusi ya binti yake na Henri wa Navarre, Mprotestanti, mauaji makubwa ya Waprotestanti yalizuka Paris, wakiwamo wageni waliokuja kwenye harusi. Wanahistoria wanabishana hadi leo kuhusu ukubwa wa mkono wake katika damu ile. Kwamba alikuwa karibu na uamuzi, wengi hawabishi. Alichokuwa akikilinda ni kiti cha wanawe. Alifariki Januari 1589. Mwaka huohuo mwanawe wa mwisho aliyekuwa mfalme aliuawa bila kuacha mtoto, na kiti kikaenda kwa yuleyule mkwe Mprotestanti aliyenusurika.

Lord North hakuwa na tamaa ya namna hiyo. Alikuwa mcheshi, mpole, mtu wa kusinzia bungeni huku wapinzani wakimrushia maneno. Aliingia uwaziri mkuu mwaka 1770, na ndiye aliyekuwa madarakani Uingereza ilipogombana na makoloni yake ya Amerika, kuanzia chai iliyomwagwa baharini Boston mwaka 1773 hadi kushindwa vita Yorktown mwaka 1781. Alijiona hafai kuongoza vita. Mara kwa mara alimwomba Mfalme George III amwachie aende zake, na mfalme alikataa. Mwaka 1777 mfalme huyo alikuwa amemlipia madeni yake. Aliyelipiwa deni na bwana wake anaombaje ruhusa ya kumwacha bwana huyo katikati ya vita? North alibaki, vita vikaendelea, watu wakafa, mpaka Machi 1782 Bunge lilipomchoka na yeye akaona upenyo wa kutoka. Dawa ya deni ni kulipa, wahenga walisema, ila hawakutuonya vya kutosha kuhusu deni linalolipwa na mwingine.

Upande wa pili wa ugomvi ule alikuwapo Jefferson. Alikuwa na miaka 33 alipoandika Azimio la Uhuru la Marekani, mwaka 1776, akitangaza kwamba watu wote wameumbwa sawa. Alipokuwa rais, kuanzia 1801, watu walitaka kujua siku yake ya kuzaliwa ili waisherehekee. Alikataa kuitaja. Katika barua ya mwaka 1803 alieleza kwamba hapendi heshima ya siku ya kuzaliwa kwa jamhuri ihamishiwe kwa mtu mmoja, au hata kugawanywa naye. Baada ya vipindi viwili, mwaka 1809, aliondoka kwa hiari, ingawa wakati huo katiba haikuwa na kikomo. Alirudi shambani kwake Monticello, akaanzisha Chuo Kikuu cha Virginia, na akaacha maelekezo kuhusu kaburi lake: liandikwe kwamba aliandika Azimio la Uhuru, aliandika sheria ya uhuru wa dini ya Virginia, na ni baba wa chuo kile. Urais hakuutaja kabisa.

Ukiishia hapo utasema huyu ndiye mfano. Lakini Monticello ilijengwa na kulimwa na watumwa. Katika maisha yake Jefferson alimiliki watu zaidi ya 600. Mmoja wao, Sally Hemings, alizaa watoto ambao wanahistoria wengi leo wanakubali kwamba baba yao ni Jefferson mwenyewe. Aliandika kwamba utumwa ni uovu, na bado aliwaacha huru watu wachache mno: wawili akiwa hai, watano kwa wosia. Alipenda vitabu, mvinyo na ujenzi usiokwisha, na alipofariki Julai 4, 1826, miaka 50 kamili baada ya Azimio, alikuwa na deni la zaidi ya dola 100,000. Januari 1827 watu wapatao 130 walipigwa mnada Monticello, mume kwa huyu na mtoto kwa yule, ili wadai wapate chao. Urais aliweza kuuacha. Starehe iliyobebwa na migongo ya watu wengine hakuiweza, na bili ilipofika waliolipa ni wao.

Nyerere naye aliandika azimio. Aliacha ualimu Pugu mwaka 1955 kwa ajili ya TANU, na alipoipata nchi Desemba 1961 alifanya jambo ambalo hatulisimulii vya kutosha: Januari 1962, wiki chache tu baada ya uhuru, alijiuzulu uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa, yeye akaenda kukijenga chama mikoani. Alirudi mwishoni mwa mwaka huo kama rais. Novemba 1985, akiwa na miaka 63, aling'atuka, akamkabidhi Ali Hassan Mwinyi, akarudi Butiama kulima.

Na kwake pia sitaki kuishia kwenye sifa. Sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila kuwafikisha mahakamani ilipitishwa mwaka 1962, na ilitumika. Katika operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970 mamilioni ya wakulima walihamishwa, wengine kwa nguvu, nyumba zao zikichomwa nyuma yao. Uenyekiti wa CCM aliendelea nao hadi 1990. Na kuondoka kwenye mfumo wa chama kimoja, ambako hakuna mpinzani wa kukusubiri mlangoni, ni rahisi kuliko kuondoka kwingine. Hayo yote ni kweli. Lakini marais wengi wa zama zake walikuwa na chama kimoja vilevile, na hawakuondoka. Kabla ya kung'atuka alisema waziwazi kwamba kuzifuta serikali za mitaa na kuvivunja vyama vya ushirika yalikuwa makosa, na kwamba angeanza upya asingeyarudia. Aliyeweza kusema hivyo akiwa bado Ikulu alikwisha kuizoea fikra ya kutoka.

Aliwezaje? Jibu langu limo katika Azimio la Arusha la Februari 1967, katika yale masharti ya uongozi: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba za kupangisha, asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari. Tumezoea kuyasoma masharti yale kama siasa ya uchumi. Mimi nayasoma kama maandalizi ya safari ya kurudi nyumbani. Asiye na nyumba za kupangisha haogopi nani atakuwa waziri wa ardhi baada yake. Asiye na hisa hana haja ya kumwekea mtu wake hazina. Mwaka 1991 chama kiliyalegeza masharti hayo kikiwa Zanzibar, kwa hoja kwamba nyakati zimebadilika. Pengine zilibadilika. Lakini tulipoifungua kamba ile hatukusuka nyingine badala yake, na leo tunashangaa kwa nini viti vyetu vinang'ang'aniwa.

Wala sisemi juu ya Ikulu pekee. Nimekaa katika vikundi vya kuweka na kukopa vya mtaani, na nimeona jinsi mhazini anavyochaguliwa tena na tena. Mara nyingine ni kwa sababu ni mwaminifu. Mara nyingine ni kwa sababu yeye mwenyewe amekopa kwenye sanduku kuliko katiba ya kikundi inavyoruhusu, na siku atakayokabidhi daftari ndiyo siku itakayojulikana. Kila uchaguzi ukifika anaeleza kwamba wanachama bado wanamhitaji. Ukimsikiliza vizuri utagundua kwamba anayemhitaji mwenzake ni yeye. Hivyohivyo kamati ya shule, hivyohivyo kamati ya msikiti au parokia, hivyohivyo baba mwenye nyumba asiyetaka kumkabidhi mwanawe hata funguo za ghala.

Catherine alifungwa na watoto, North na deni, Jefferson na starehe. Nyerere aliona mapema kwamba kinachomfunga kiongozi ni mali, akajikata mwenyewe kabla haijaota mizizi, japo siasa yake ilikuwa na vifungo vyake vingine. Vifungo vyote hivi vilikuwapo kabla ya siku ya kuondoka kufika, na vingeweza kuonekana na yeyote aliyeuliza.

Hapo ndipo kazi yetu wapiga kura na wanachama inapoanza. Msimu wa kampeni ukifika tunamuuliza mgombea atatuletea nini: barabara, maji, zahanati. Ni maswali ya haki. Tuongeze mengine matatu, tuyaulize hadharani kabla ya kura, iwe ni kura ya ubunge au ya mhazini wa kikundi. Unadaiwa na nani, na nani amekulipia? Una mali gani itakayoharibika ukitoka kwenye kiti hiki? Na miongoni mwetu, ni nani atakayelipa bili ya maisha yako? Anayejibu bila kutafuta maneno tumpe nafasi. Anayekasirika naye amejibu.